Uzi maalumu: Kubadilisha distro ya Linux juu ya ile iliyopo, bila kuformati diski

Fundi Keneli

Wakuu habari zenu. Swali la "nina Ubuntu nataka kuhamia Debian (au Fedora, au Arch) ila diski ni moja, imejaa, na sina pa kuhamishia mafaili" linajirudia sana, na majibu yake huwa ni yale yale mawili: formati uanze upya, au badilisha sources.list (faili linaloiambia mashine ishushe programu kutoka wapi) kisha uombe Mungu. Leo naweka njia ya tatu kwa urefu, mwenye swali aulize, mwenye nyongeza aongeze.

Kwanza tuelewane. Ukiitazama kwa upande wa diski, distro (aina ya Linux, kama Ubuntu au Debian) ni /usr, /etc, /var, /boot na vifolda vingine vidogo vidogo, basi. /home siyo distro, hiyo ni mali yako. Kwa hiyo kubadilisha distro maana yake ni kuitoa /usr na wenzake wa zamani, kuingiza wapya, na kumwelekeza butiloda (programu inayoiwasha Linux) kwenye keneli (kiini cha Linux) mpya. Hakuna mahali popote hapo panapodai diski ifutwe. Kuformati ni uvivu wa installer tu, inapenda kuanza na sehemu safi.

Pili jiulize kama kweli unataka distro mpya. Wengi wakichimbwa kidogo unakuta wanataka desktopu nyingine tu. Kama uko Ubuntu na umeona KDE kwa jirani umeipenda, unainstoli kubuntu-desktop, unalogauti, unachagua Plasma kwenye skrini ya kuingilia, kazi imeisha. Ripo (ghala za programu za distro) ni zile zile, distro ni ile ile.

Ukishaamua kweli unahama, utaratibu ndio huu. Natumia mfano wa Ubuntu kwenda Debian 13 kwenye patisheni (kipande cha diski) moja ya ext4 (mpangilio wa kawaida wa mafaili kwenye Linux) ambayo /home imo ndani yake, maana huo ndio mkao wa laptop nyingi na ndio unaoonekana mgumu.

Buti kwa flashi ya Debian laivu (inayowaka bila kuinstoliwa). Instoli mle mle kwenye laivu debootstrap (inajenga Debian mpya ndani ya folda) na arch-install-scripts (jina lisikutishe, Debian wanayo kwenye ripo zao, ndani kuna arch-chroot ya kuingia kwenye mfumo ulio ndani ya folda, na genfstab ya kuandika fstab, yaani orodha ya patisheni za kumaunti, zinakupunguzia kazi). Kisha, ukiwa ruti (msimamizi mkuu wa mashine):

mount /dev/nvme0n1p2 /mnt
cd /mnt
mkdir zamani
shopt -s extglob
mv !(home|lost+found|zamani|swap.img) zamani/

Namba za patisheni weka za kwako, zitazame kwa lsblk -f kwanza. Huo mstari wa mwisho ndio moyo wa shughuli nzima. Unahamisha kila kitu isipokuwa home na faili la swapu, na kwa kuwa ni ndani ya patisheni ile ile mafaili hayakopiwi, yanabadilishwa njia tu, kwa hiyo inaisha papo hapo hata kama mfumo wa zamani una GB 40. Mfumo wako wa zamani wote uko ndani ya /zamani, mzima. Ikikugomea mbele ya safari unabuti tena kwa flashi, unafuta folda mpya, unarudisha za zamani pale zilipokuwa na Ubuntu inawaka kama kawaida.

Halafu:

debootstrap trixie /mnt http://deb.debian.org/debian
mkdir -p /mnt/boot/efi
mount /dev/nvme0n1p1 /mnt/boot/efi
genfstab -U /mnt >> /mnt/etc/fstab
arch-chroot /mnt

Hapo umeshaingia ndani ya Debian yako mpya ingawa bado haijawahi kuwaka. sources.list iliyoachwa na debootstrap ina main peke yake, ongeza non-free-firmware kabla ya kitu kingine chochote, la sivyo utatoka humo huna Wi-Fi na kuipata ukiwa huna intaneti ni mtihani. Kisha apt update, na uinstoli linux-image-amd64, grub-efi-amd64, shim-signed, locales, sudo, network-manager na faili za kadi yako ya Wi-Fi (firmware-iwlwifi kwa Intel, firmware-realtek kwa Realtek). Desktopu unachukua task-gnome-desktop au task-kde-desktop au task-xfce-desktop. Yote haya fanya ukiwa bado kwenye chroot maana intaneti ya laivu unayo.

Yuza sasa. Usitumie adduser ukajibu maswali kwa mazoea, mtengeneze kwa namba ile ile aliyokuwa nayo:

useradd -u 1000 -d /home/jina -s /bin/bash -G sudo jina
passwd jina

Mfumo hauyajui mafaili yako kwa jina, unayajua kwa namba. Namba ikiwa 1001 wakati mafaili ni ya 1000, utakuta folda zako siyo zako na huwezi kuandika hata mstari mmoja. Hakikisha kwa ls -ln /home.

Mwisho butiloda, yaani GRUB: grub-install --target=x86_64-efi --efi-directory=/boot/efi --bootloader-id=debian, kisha update-grub, toka, ribuuti. Patisheni ya EFI (kile kipande kidogo ambako mashine inamtafuta butiloda) usiiformati wala usifute folda ya ubuntu iliyomo humo mpaka mfumo mpya ukae sawa, ndiyo njia yako ya kurudi.

Kwa wa Arch, badala ya debootstrap ni pacstrap. Wa Fedora ni dnf yenye --installroot. Akili ni hiyo hiyo.

Na bakapu. Najua umesema huna pa kuweka. Picha, nyaraka, ~/.ssh na ~/.gnupg vinaenea kwenye flashi ya kawaida, usinijibu kwamba huna.

---

Mzee Konsoli

Mkuu umetema madini. Naongeza kwa wenye btrfs (mpangilio mwingine wa mafaili badala ya ext4) maana kwao ni rahisi mara kumi, hata flashi hawahitaji.

Ubuntu iliyowekwa kwenye btrfs kwa installer yake ya zamani ina subvolyumu (vigawanyo ndani ya patisheni moja) mbili, @ na @home. Fedora tangu toleo la 33 inakuja na btrfs yenyewe na zinaitwa root na home. Sasa wewe ukiwa umekaa zako ndani ya mfumo wa zamani, unafanya kazi zako, unasikiliza muziki, unaunda subvolyumu ya tatu pembeni:

mount -o subvolid=5 /dev/nvme0n1p2 /mnt
btrfs subvolume create /mnt/@debian

unaimaunti hiyo @debian mahali pengine, unapiga debootstrap humo, chroot, na mengine kama alivyoeleza Fundi. Kwenye fstab mpya / inaelekea subvol=@debian na /home inaelekea subvol=@home ile ile ya siku zote. Nafasi ya diski zote wanagawana, hakuna kukata patisheni. Mfumo wa zamani haujaguswa hata faili moja, ukichoshwa na mpya unarudi, ukiridhika unafuta @ kwa btrfs subvolume delete.

Mwenye LVM (mfumo wa kugawa diski kwa vipande vinavyobadilika, kila kimoja kinaitwa LV) yenye nafasi iliyobaki naye afanye vivyo hivyo, anaunda LV mpya pembeni.

Ila ukiwa unafanya haya kutokea ndani ya Ubuntu, instoli na debian-archive-keyring ili debootstrap iweze kuhakiki saini za Debian, usije ukashusha mfumo mzima bila kujua umetoka kwa nani.

---

tupa_tupa

Hizi mbwembwe zote za nini jamani 😂 mi nabadilisha sources.list tu naweka za Debian, apt full-upgrade, nakunywa maji, kwisha habari. mnapenda kujitesa

---

Fundi Keneli

> tupa_tupa: nabadilisha sources.list tu naweka za Debian

Ndugu, ukiwa Ubuntu ukafanya hivyo, apt italinganisha matoleo, itakuta paketi nyingi za Ubuntu zina namba kubwa kuliko za Debian na itaziacha zilivyo. Unabaki na nusu Ubuntu nusu Debian, kitu ambacho wiki ya Debian wenyewe wanakiita FrankenDebian. Ukiilazimisha ishuke kwa kuweka Pin-Priority (kipaumbele cha apt) zaidi ya 1000, unaishusha mpaka libc6 (maktaba ambayo karibu kila programu inaitegemea), na skripti za paketi zimeandikwa za kupanda toleo, hakuna aliyezipima za kushuka. Inaweza ikawaka. Inaweza ikakaa mwezi mzima freshi. Halafu siku unainstoli kitu kidogo tu inakuambia inataka kuondoa paketi 300.

Kubadilisha ripo kunafaa pale distro mbili zinapokuwa ndugu wa baba mmoja mama mmoja. Debian kwenda Devuan, wenyewe Devuan wameandika maelekezo. CentOS 8 kwenda AlmaLinux au Rocky, kuna skripti kabisa, almalinux-deploy na migrate2rocky, na zilifanya kazi kwa sababu pande zote paketi zilikuwa zinajengwa kutokana na chanzo kimoja cha Red Hat na kwa namba zile zile za toleo. Hizo skripti zilizaliwa kwa dharura pia, Desemba 2020 Red Hat walitangaza CentOS 8 itakufa 31/12/2021 wakati watu walishajipanga nayo mpaka 2029. Wa CentOS 7 (iliyokufa 30/6/2024) wana ELevate ya AlmaLinux, hiyo inapandisha na toleo kubwa humo humo, ila soma ripoti yake ya ukaguzi mpaka mwisho kabla ya kuikubalia.

Kwa hiyo sijasema njia yako haipo. Nimesema kwa Ubuntu na Debian siyo.

---

tupa_tupa

haya mkuu nimekuelewa, ila mashine yangu bado iko hai 😅

---

Bint Tux

tupa_tupa tuwekee apt list --installed | grep -c ubuntu (idadi ya paketi za Ubuntu zilizobaki) tucheke pamoja.

Halafu Fundi, watu wa kwenda Fedora wakiwa na /home iliyotoka Debian au Ubuntu wasisahau SELinux (ulinzi unaotumia lebo za mafaili). Debian na Ubuntu hawaitumii kwa kawaida, kwa hiyo mafaili ya /home hayana lebo, na Fedora inaiwasha kwa ukali wake wote toka siku ya kwanza. Unaandika paswedi, skrini inapepesa, inakurudisha pale pale kwenye kuingia. Mtu anadhani amesahau paswedi, anaibadilisha, bado. Dawa kabla ya kuribuuti mara ya kwanza ni touch /mnt/.autorelabel, itachukua muda wake kuwaka mara ya kwanza kwa sababu inaweka lebo faili moja moja, usizime. Au ukishaingia kama ruti, restorecon -RF /home.

Wenye mashine za Red Hat za zamani sana pia, toleo la 6 kurudi nyuma, yuza wa kwanza alianzia namba 500. Siku hizi karibu kila distro inaanzia 1000. Hapo lazima uhamishe namba za mafaili kwa chown ama umpe yuza ile 500.

---

Mlinzi wa Seva

Mimi swali langu ni la seva. Sina flashi, sina skrini, ina SSH (kuingia kwa mbali) tu na diski moja, ipo kwenye kituo cha watu ambao ukiwaandikia wanajibu kesho. Ina Ubuntu nataka Debian. Nikikosea ndio basi. Kuna namna?

---

Fundi Keneli

Namna ipo. Kwanza angalia kwenye ukurasa wao wa kusimamia seva kama kuna kuwasha kwa njia ya uokoaji, wengi wanayo, hiyo inakupa Linux ndogo inayokaa kwenye RAM na unafanya yale yale ya post ya kwanza kana kwamba una flashi. Kama haipo, endelea kusoma.

Cha msingi kwenye seva ya mbali ni kwamba mfumo mpya uwashwe MARA MOJA TU, na ukishindwa, mashine irudi yenyewe kwenye wa zamani. Kwa hiyo lazima mifumo yote miwili iwepo kwa wakati mmoja, hapo LVM au btrfs au kipande cha diski kilicho wazi ndivyo vinakuokoa.

Kama ni ya EFI, efibootmgr -n ikifuatiwa na namba ya mfumo mpya inasema "safari ijayo tu washa huu". Kama ni ya BIOS (namna ya zamani ya kuwasha mashine) unatumia GRUB, GRUB_DEFAULT=saved na mfumo wa zamani ndio uwe chaguo la kudumu, kisha grub-reboot kwa mpya. Hapa kuna mtego ambao maelekezo mengi yanaupita kimya. GRUB ili isahau lile chaguo la mara moja inatakiwa iandike kwenye faili la grubenv, na haiwezi kuandika kama /boot iko juu ya LVM, RAID (diski kadhaa zilizounganishwa) au btrfs. Matokeo yake kila ikiwaka inakwenda kwenye mfumo mpya ulioharibika, inazunguka hapo hapo. Kwa hiyo /boot iwe patisheni ya kawaida ya ext4.

Kisha kwenye mstari wa keneli wa mfumo mpya ongeza panic=30. Keneli ikianguka, mashine inajiwasha upya baada ya sekunde 30. Kwa Debian hiyo hiyo panic= inaiambia na initramfs (mfumo mdogo unaotangulia kuwaka kabla ya diski kufunguliwa) isikae kusubiri mtu kwenye kile kijiskrini cha amri pale inapokosa diski, nayo ijiwashe upya.

Lakini keneli inaweza kuwaka vizuri, kilichokufa ikawa ni mtandao. Hapo panic haisaidii kitu. Kwa hiyo ndani ya mfumo mpya weka huduma ndogo ya systemd (msimamizi wa huduma za mashine) inayopiga shutdown -r +15 kila mashine ikiwaka. Ukifanikiwa kuingia kwa SSH unapiga shutdown -c na kuifuta huduma hiyo. Usipofanikiwa, robo saa baadaye uko kwenye Ubuntu yako.

Mtandao wenyewe: Ubuntu seva inatumia netplan (mafaili yake ya mipangilio ya mtandao), Debian haikulazimishi, na jina la kadi linaweza kubadilika, lilikuwa eth0 likawa ens3 au enp1s0. Andika faili la systemd-networkd linaloitambua kadi kwa MAC (namba yake ya utambulisho) na siyo kwa jina:

[Match]
MACAddress=...

[Network]
Address=...
Gateway=...

na uiwashe systemd-networkd kwa systemctl enable ukiwa kwenye chroot, pamoja na openssh-server. Kopi na /etc/ssh/ssh_host_* za zamani ili kompyuta zinazoingia humo zisianze kupiga kelele kwamba seva imebadilishwa. Na authorized_keys ya ruti, hiyo iko /root/.ssh, na /root siyo /home kwa hiyo haiji yenyewe.

---

Mlinzi wa Seva

Dah, hiyo ya shutdown -r +15 sikuwahi kuifikiria kabisa. Ina LVM, nafasi ipo, /boot ni ext4 peke yake. Halafu nimeona watu wanataja takeover.sh na nixos-infect, hizo vipi?

---

Mzee Konsoli

takeover.sh inapakia mfumo mdogo kwenye RAM, inahamishia SSH humo, inaachia diski, na wewe unaifanya diski unavyotaka mashine ikiwa hai. Inafanya kazi na ni akili kubwa, ila umeme ukikatika katikati au SSH ikidondoka huna pa kurudi. Wewe una LVM, achana nayo.

NixOS (distro nyingine) wao wamelifanya jambo hili kuwa rasmi. Unaunda faili la /etc/NIXOS na lingine la /etc/NIXOS_LUSTRATE, ndani ya hilo la pili unaorodhesha vitu vya kubakisha, na ikiwaka mara ya kwanza inasukuma kila kitu kingine kwenye /old-root. Ukitazama vizuri ni ile ile /zamani ya Fundi, wao tu wameiweka ifanyike wakati wa kuwaka. nixos-infect inajengea hapo hapo. Ila hiyo ni kwa wanaokwenda NixOS, ya Debian haikuhusu.

---

Bint Tux

Mlinzi, kabla hujaribuuti hiyo seva: ina database?

---

Mlinzi wa Seva

Ndio dada, Postgres. Nilipanga nikopi tu /var/lib/postgresql nzima.

---

Bint Tux

Usikopi. Nenda na pg_dumpall, inakutolea data zote kama maandishi, yaani dampo.

Kwanza toleo kubwa lazima lilingane, data za Postgres 14 haziwaki kwenye 17. Pili, na hii ndiyo mbaya zaidi kwa sababu haipigi kelele, Postgres ikipanga maandishi inategemea glibc ya distro (ndiyo ile libc6) kuamua herufi ipi inatangulia ipi. glibc 2.28 ilibadilisha mpangilio huo kwa kiasi kikubwa. Indeksi iliyojengwa chini ya glibc ya zamani ukiileta kwenye mpya, database inawaka, inajibu, kila kitu kinaonekana freshi, ila unatafuta mteja ambaye unajua yupo inakuambia hayupo. Na safu uliyosema isijirudie inaweza kujirudia. Mwenye kutoka CentOS 7 (glibc 2.17) kwenda chochote cha sasa lazima akutane nayo. Aliyekwisha kukopi apige REINDEX (kujenga upya) kwa indeksi zote za maandishi kabla hajaandika kitu kipya. Ubuntu za karibuni zote zimeshavuka 2.28 kwa hiyo wewe huenda usiguswe, lakini dampo linakuondolea mashaka yote mawili kwa mpigo.

Na wenye MySQL 8 wanaohamia distro inayokuja na MariaDB, folda ya data ya MySQL 8 haisomeki na MariaDB. Dampo.

Kingine, namba za yuza wa huduma zinatofautiana. Seva ya wavuti kwa Debian na Ubuntu ni www-data namba 33, kwa Red Hat na ndugu zake ni apache namba 48. Ukibeba /var/www kutoka upande mmoja kwenda mwingine, chown ni lazima.

---

Kipepeo404

Wakuu mrejesho! Nimefuata post ya kwanza neno kwa neno, Ubuntu kwenda Debian, imewaka mara ya kwanza, Wi-Fi ipo, mafaili yote yapo, hadi picha ya ukutani imebaki ile ile 😂. LAKINI Firefox imefunguka tupu kabisa kama mpya, alamisho zangu zote na paswedi hakuna. Nimeangalia ~/.mozilla haina kitu cha maana. Zimeenda wapi na /home hatukuigusa??

---

Fundi Keneli

Hazijaenda popote. Firefox ya Ubuntu ni snap (ufungashaji wa programu wa Ubuntu) na inahifadhi vitu vyake hapa:

~/snap/firefox/common/.mozilla/firefox

Ya Debian inatazama ~/.mozilla/firefox. Kwa hiyo ukopi profaili yako (ile folda yenye herufi za ovyo ovyo mwanzoni) kwenda huko, kisha firefox -P, unda profaili na uielekeze kwenye folda hiyo.

Utakutana na ukuta wa pili ingawa. Debian inakuja na firefox-esr ambayo toleo lake liko nyuma ya lile la snap, na tangu Firefox 67 ya 2019 inakataa kufungua profaili iliyowahi kutumiwa na toleo jipya zaidi, inakutaka uunde mpya. Usilazimishe. Weka ripo ya apt ya Mozilla wenyewe, ipo tangu mwanzoni mwa 2024, instoli firefox ya kawaida kutoka humo, toleo litakuwa sawa na lile la snap au juu yake na profaili itafunguka.

Hii ndiyo hali ya /home siku zote, imebeba mazoea ya distro ya zamani. Programu yoyote uliyokuwa nayo kama snap, data zake ziko ~/snap. Za Flatpak (ufungashaji mwingine kama snap) ziko ~/.var/app na hizo zinahama bila shida, unainstoli programu upya tu, inazikuta zinamsubiri. Ukiona desktopu mpya ina tabia za ajabu, vitufe havipo, rangi zimechanganyika, hamisha ~/.config pembeni uingie upya, kisha rudisha kimoja kimoja unachokitaka. Usibebe zote kichwa kichwa hasa ukitoka GNOME ya juu kwenda ya chini.

---

Kipepeo404

Zimerudi zote!! Shukrani sana mkuu. Na zile paswedi za Wi-Fi nilizokuwa nazo zamani zinapatikana?

---

Fundi Keneli

Zipo ndani ya /zamani. Kawaida ni /zamani/etc/NetworkManager/system-connections, ila Ubuntu kuanzia 23.10 inazihifadhi kwa netplan, tafuta /zamani/etc/netplan mafaili yanayoanza na 90-NM. Hayo ya netplan usiyakopi Debian, yafungue usome paswedi uandike upya. Ya system-connections yanakopika, mradi yawe mali ya ruti na ruhusa 600, vinginevyo NetworkManager inayapuuza.

Na kwa wote, kabla hujaifuta /zamani pitia hapa: /zamani/var/spool/cron/crontabs (kazi za cron, yaani zinazojiendesha kwa ratiba, hizi husahaulika na kila mtu), /zamani/usr/local, /zamani/opt, /zamani/root, /zamani/var/lib/docker na /zamani/var/lib/libvirt/images kama unatumia, /zamani/etc/letsencrypt kwa seva. Orodha ya programu ulizoziinstoli kwa mkono wako unaipata kwa chroot /zamani apt-mark showmanual, ndio, mfumo wa zamani bado unaweza kuhojiwa ukiwa umelala humo.

Ukifika kuifuta, findmnt kwanza uone hakuna kilichomauntiwa ndani yake, halafu rm -rf --one-file-system /zamani. Hiyo --one-file-system usiiache, kuna watu waliwahi kumaunti /home yao ya patisheni nyingine mle ndani ili wakopi vitu, wakasahau kuitoa.

---

mgeni_wa_ruti

Habari wakuu, mi nimekwama. Diski yangu imefungwa kwa LUKS (inadai paswedi kabla ya kusomeka). Nimefanya yote, GRUB inatokea vizuri, keneli inaanza, halafu inasubiri weee inasema UUID (namba ya utambulisho wa diski) haipo inanitupa kwenye initramfs. Haikuniuliza paswedi ya diski kabisa.

---

Mzee Konsoli

Haikuuliza kwa sababu initramfs haina habari kwamba kuna LUKS. Buti kwa laivu tena, fungua diski, ingia chroot, utuonyeshe cat /etc/crypttab (orodha ya diski zilizofungwa) na dpkg -l | grep cryptsetup.

---

mgeni_wa_ruti

crypttab haina kitu, kuna mstari wa maelezo tu. dpkg haijatoa chochote.

---

Mzee Konsoli

Ndio hapo. debootstrap inaleta mfumo mtupu, haijui diski yako imefungwa. Instoli cryptsetup-initramfs, na lvm2 kama ndani ya LUKS kuna LVM. Kisha soma /zamani/etc/crypttab, kopi mstari wake kwenye crypttab mpya. Ukitoka Ubuntu mara nyingi unaanza na dm_crypt-0.

Halafu angalia sana hili. Jina lililo kwenye crypttab lazima lifanane na jina ulilofungulia diski sasa hivi kwenye laivu. Kama uliifungua kwa kubofya kwenye kidirisha cha mafaili itakuwa imejiita luks- ikifuatiwa na herufi nyingi, na update-initramfs ikiona majina hayafanani haitakuwekea kitu. Toka chroot, umount zote, ifunge, ifungue upya kwa mkono:

cryptsetup open /dev/nvme0n1p3 dm_crypt-0

rudi ndani, update-initramfs -u -k all. Ikitoa onyo lolote kuhusu crypttab usiribuuti, libandike hapa.

---

mgeni_wa_ruti

Ilikuwa ni jina kweli, niliifungua kwa kubofya. Nimefanya hivyo, onyo hakuna, nimeribuuti imeuliza paswedi na IMEWAKA. Asante mzee. Kimebaki kitu kidogo tu, hedifoni za blutuuthi hazijiungi, inabidi nizipatanishe upya kila kitu na mausi pia?

---

Bint Tux

Zima huduma ya bluetooth, kopi /zamani/var/lib/bluetooth kwenda /var/lib/bluetooth kwa cp -a, washa. Kadi ni ile ile kwa hiyo funguo zinakubali.